Miungu ya Nyuma ya Ukuta

Mimi sikuumbwa mtu wa kunyamaza. Nalisema mapema ili asije mtu akadhani nilikuwa mke mpole aliyeonewa. Kwetu Ihanda, katikati ya mibuni ya baba yangu, nikizungumza na mdogo wangu majirani walikuwa wanajua tumepika nini. Kwa hiyo alipokuja kijana wa Kindali kunioa, dereva wa malori ya safari ndefu, mama yangu alinikalisha chini akaniuliza mara mbili kama naelewa naenda kwa watu wa namna gani. Nikamwambia naelewa. Nilikuwa sielewi chochote.

Kwa watu wa mume wangu, waliotoka milima ya Ileje, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Sisemi kwamba wanachukiana, la. Hawaonani kwa macho. Nikisikia anakuja, mimi najificha. Akiwa sebuleni, mimi siingii. Siongei naye, na jina lake silitamki, wala neno lolote linalokaribiana na jina lake. Bahati mbaya jina la baba mkwe wangu lilikaribiana na jina la chombo kimoja cha jikoni, basi kwa miaka minne chombo hicho nilikiita "kile cha kupepetea". Sisi Wanyiha nasi tunaheshimu wakwe, lakini kwetu nyumbani hatukufika huko. Na ukivunja, wanawake wa ukoo wanatoka Ileje kuja kukukalisha kitako, unatozwa mbuzi, na habari yako inazungumzwa kwenye misiba miaka nenda rudi. Hilo la misiba ndilo lililonitisha zaidi.

Kijijini mambo haya yanawezekana, maana nyumba ya baba iko huku na ya mtoto iko kule. Sisi tulikuwa Tunduma mjini. Mume wangu alikuwa amefyatua matofali ya nyumba yetu, yakanyeshewa misimu miwili yakiwa yamepangwa tu kiwanjani, na sisi tukaishi kwa baba yake. Nyumba moja, mlango mmoja wa kutokea barabarani, na uani ukuta mrefu uliochomekwa vipande vya chupa juu. Mama mkwe alibaki Ileje na mashamba. Mwanzoni haikuwa shida. Baba mkwe alikuwa mfanyabiashara wa mpunga, anaondoka alfajiri kwenda kununua Galula na kurudi jioni, na mchana kutwa nyumba ilikuwa yangu na ya wifi yangu. Baba mkwe nilimjua kwa kikohozi chake na kwa mlio wa ndala zake.

Kisha pikipiki iliyombeba ikaanguka njia ya Galula, nyonga ikavunjika. Akatoka hospitali na magongo mawili na maagizo ya kukaa. Akakaa. Asubuhi anakaa barazani, mbele ya mlango wenyewe. Jua likimfikia anahamia sebuleni. Jioni barazani tena. Mimi njia zangu zote zilipita barazani au sebuleni, kwa hiyo nilibaki na chumba changu, stoo, jiko na uani. Hatua ishirini na tisa kwenda, ishirini na tisa kurudi. Nilizihesabu nikiwa na ndoo na nikiwa mikono mitupu. Kutoka nje ilibidi nisubiri alale mchana, na usingizi wake ulikuwa mwepesi, akijigeuza tu mimi mbio uani na kitenge kichwani. Nilipokuwa nafua nilisikia madereva nje ya ukuta, wamekwama kwenye foleni ya mpakani, wanalalamika kwamba wana siku nne hawajasogea. Siku nne. Mimi ulikuwa mwezi wa tano sijasogea, na wala sikuwa na mzigo wa kupeleka popote.

Hapo ndipo ilipokuja barua. Kabla ya ajali nilikuwa nimerudia mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikafaulu, na sasa nilikuwa nimechaguliwa chuo cha ualimu. Barua ilitaja Jumatatu ya kuripoti, wiki sita mbele, na ikasema wazi kwamba asiyefika nafasi yake anapewa mwingine. Nilimpigia mume wangu simu akiwa Ndola, Zambia. Akasema, "Baba akikubali, mimi sina neno." Siku iliyofuata akavuka Kasumbalesa kuingia Kongo, simu ikafa, kama ilivyokuwa ikifa kila safari.

Basi ikabaki kwa baba. Na baba mimi siwezi kumwambia kitu. Nilimtuma wifi yangu, binti yake wa mwisho, aliyekuwa ndiye mdomo wangu ndani ya nyumba ile. Mara ya kwanza baba mkwe alijibu, "Tutaangalia." Mara ya pili akauliza, "Na chakula atapika nani?" Wifi akasema yeye yupo. "Wewe unasubiri matokeo, kesho kutwa unaondoka. Mwambie mwaka ujao." Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Huo mwaka ujao nilikuwa nimeshaambiwa mwaka jana, na mwaka juzi, kila nilipotaja kusoma. Nililia juu ya magunia ya mpunga, kisha nikajikaza kisabuni nikaenda kumsongea ugali wake, nikaukoroga kwa hasira mpaka mwiko ukapasuka.

Wifi ndiye aliyeleta mchezo. Alikuwa amemaliza kidato cha sita na kusubiri kulikuwa kunamla. Shuleni kwao alikuwapo mwalimu wa kujitolea, Mzungu wa hesabu, aliyewafundisha wasichana mchezo wa kukaa mezani na kutunga dunia. Mmoja anakuwa msimulizi: anasema kuna mlima, kuna mto, kuna mji. Wengine kila mmoja anakuwa mtu ndani ya dunia hiyo, mwizi au askari au mganga, anasema anafanya nini, na bahati inaamua kama amefaulu. Wenyewe wana dadu za pande ishirini. Wifi alikusanya vizibo vya soda ishirini, akaviandika namba, akavitia kwenye kopo. Unachomoa bila kutazama. Kikitoka cha namba kubwa umefaulu, kikitoka cha namba ndogo pole yako.

Kitabu cha mwalimu alikuwa amekinakili kwa mkono kwenye kaunta buku, sura baada ya sura, mpaka mkataba wa mwalimu ukaisha akaondoka na kitabu chake. Sura ambayo wifi hakuiwahi ilikuwa ya miungu.

"Na bila miungu hauendi," aliniambia mchana mmoja, ameketi stoo juu ya gunia. "Mtu akiapa, anaapa kwa nani? Akifa anakwenda wapi? Wezi wakivamia hekalu, wanaiba vitu vya nani?"

"Si tuitunge wenyewe," nikasema. Nilikuwa nachagua mchele. Mikono ilikuwa na kazi, kichwa hakikuwa nayo.

Mungu wa kwanza tulimtoa kwenye malori. Tukamwita Mwenye Foleni. Waumini wake wanasali kwa kusimama mmoja nyuma ya mwingine. Walio mbele wanasalimiwa kwa Kibemba, "mulishani", walio nyuma kwa Kiswahili, na sikukuu yake ni siku ambayo kila mtu anasogea hatua moja. Tulicheka mpaka wifi akamwaga mchele. Nilikuwa sijacheka tangu ajali.

Tukasahau kitu kimoja. Nyumba ile haikuwa na dari. Ukuta kati ya stoo na sebule uliishia kichwani pa mtu mrefu, juu yake ni wazi mpaka kwenye bati, na sauti inapita inavyotaka. Ng'ambo ya pili tukasikia kikohozi. Baba mkwe alikuwa mzee wa kanisa, kiti chake ni cha mbele, na hapa nyumbani kwake binti na mkwe wanafyatua miungu kama matofali. Nilijua lile daftari limekwisha.

"Binti," akaita. "Huyo mungu wenu anakula nini?"

Wifi akanitazama. Nikainua mabega. "Hatujaamua, baba."

"Anzeni na chakula. Watu watamwabudu vipi kama hawajui wampelekee nini?" Akakohoa. "Na mwiko wake?"

"Mwiko gani, baba?"

"Kitu asichoweza kukifanya. Mungu asiye na mwiko ni mtu mwenye nguvu tu, na hao tunao tele hapo mpakani." Kisha akasema kwa sauti ile ya kanisani, "Ila mnisikie. Hivyo ni vya mchezo. Siku nikisikia mtu anaviomba kitu kweli, daftari linaingia motoni."

Mwenye Foleni akapewa karanga za kuchemsha, na mwiko wake ukawa kwamba hafiki mbele. Kila akikaribia anarudishwa mwisho. Baba mkwe alicheka. Miaka minne katika nyumba ile, sikujua kwamba mtu huyu anacheka.

Kuanzia siku hiyo, kila mchana baada ya vyombo, yeye sebuleni na sisi stoo, tulitunga. Mzee alikuwa hodari kutushinda. Sisi tulikuwa tunatunga miungu, yeye akawa anatunga dini. Alitaka kujua nani anafagia hekalu, nani anashika ufunguo wa sanduku la sadaka na nani anadhani ufunguo huo ungestahili kuwa kwake. Alitunga mgawanyiko mkubwa wa waumini wa Mwenye Foleni, walioachana kwa sababu ya ngoma: upande mmoja unasema ngoma ipigwe watu wakiwa wamesimama, mwingine wakati wa kusogea. "Mambo ya ndani ya Mungu hakuna anayepigania," alisema. "Watu wanapigania ngoma." Wifi aliandika mpaka wino ukaisha. Baba mkwe alitunga pia mungu wa mifupa, mrefu kama mlingoti, ambaye mwiko wake ni kukaa. Huyo anasimama na kutembea tu, hajui kiti. Hatukucheka alipotunga huyo.

Na alipoamua kuingia mchezoni kama mtu, hakutaka kuwa askari wala mganga. Alitaka kuwa mpagazi. Mtu wa kubeba mizigo kwa miguu kutoka mji hadi mji, miguu mizuri, magoti mazima. Wifi alimchomolea kizibo kujua nguvu za miguu yake, kikatoka kumi na tisa. "Naam," baba mkwe akasema, taratibu sana.

Mimi nilikuwa nacheza kwa kumnong'oneza wifi, wifi ndiye anasema. Ilikuwa kazi ngumu, wifi mwenyewe alikuwa ananisahihisha maneno njiani. Siku moja nikachoka. Nikamwambia mimi sitaki kuwa mtu, nataka kuwa mungu. Nikamtunga mungu wangu peke yangu, usiku kucha kichwani, na asubuhi nikamwandika mwenyewe kwa mkono wangu. Nilimwita Mwenye Kizingiti. Ni mungu mwanamke. Milango yote ya dunia ni yake, barabara zote zinaanzia miguuni kwake, hakuna geti linaloinuka bila yeye kutaka. Anakula asali. Nilipofika kwenye mwiko sikufikiri hata kidogo. Niliandika: haombi. Nilikuwa nimechoka kuomba. Kuomba nitumiwe sabuni, kuomba wifi achungulie kama njia nyeupe, kuomba chuo kupitia mdomo wa mtu mwingine. Mungu wangu asimwombe mtu wala mungu kitu chochote, basi. Nilijiona nimefanya la maana.

Baba mkwe alisomewa, akauliza swali moja. "Na akivunja?"

Kaunta buku haikusema.

"Basi andika. Mungu akivunja mwiko wake anafutwa. Anakuwa mtu kama watu." Wifi akaandika, ikawa sheria ya miungu yote.

Siku iliyofuata mpagazi alifika kwenye geti la mji. Wifi, ambaye utundu ulimzidi umri, akasema, "Hapo kwenye geti yupo Mwenye Kizingiti mwenyewe. Anakutazama. Anasema…" Kisha akanigeukia mimi na kuninyooshea kalamu.

Nilitikisa kichwa. Akanikazia macho.

Nikasema. "Wewe mpagazi. Umebeba nini?"

Sauti yangu yenyewe, kwa nguvu, juu ya ukuta, kwa baba mkwe. Wifi alijifunika mdomo kwa kitenge. Nikaanza kuwaona wanawake wa Ileje wakishuka kwenye basi mmoja mmoja.

"Binti," baba mkwe akasema hatimaye, "mkwe wangu yupo wapi?"

"Yupo… yupo jikoni, baba."

"Vizuri. Maana hapa nimemsikia mungu." Akakohoa, kisha akabadilisha sauti, ikawa ya mtu aliyetembea siku nyingi. "Mwenye Kizingiti, nimebeba chumvi."

Wiki tatu nilizungumza na baba mkwe wangu. Sijui nizielezeje wiki hizo. Nilimkatalia geti, nikamfungulia, nikamkaripia kwa kukanyaga kizingiti na miguu michafu. Yeye akanijibu, akanitania, siku moja akanidanganya kuhusu mzigo na nikamkamata. Alikuwa mtu mcheshi, mwerevu, mwenye huzuni ambayo alikuwa anaificha vibaya. Nilimpenda mzee yule, na ndiyo iliyokuwa inaniuma. Maana wifi akifunga daftari, mimi mwenye milango yote ya dunia nilikuwa siwezi kwenda dukani kununua chumvi ya kweli. Mchezo ukiisha nilikuwa nasikia magongo yake yanakwenda barazani, yanakaa pale kwenye njia yangu, na mimi narudi kwenye hatua zangu ishirini na tisa. Barua ilikuwa chini ya godoro. Nilikuwa naitoa kila siku kuangalia tarehe kana kwamba ingehama.

Mume wangu hakupatikana. Wifi alijaribu mara ya tatu, akajibiwa yale yale: mwaka ujao, nyonga ikipona. Ijumaa ya mwisho kabla ya Jumatatu ile ilifika, na nikawa nimeshajua nitafanya nini. Sikumwambia wifi.

Mchana ule mpagazi alifika hekaluni kwangu akiwa amechoka, akaketi, na kusema amemletea Mwenye Kizingiti asali. Alikuwa amefurahi, sauti yake ilikuwa nyepesi.

"Mpagazi," nikasema, "asali nimeipokea. Sasa sikiliza. Hapa hekaluni nina binti. Amechaguliwa kwenda kusoma, na siku zimekwisha. Mwenye kumfungulia ni wewe. Nakuomba umruhusu aende."

Wifi aliacha kuandika. Sebuleni nilisikia gongo moja likiteleza ukutani na kuanguka sakafuni, na hakuna aliyeliokota.

"Binti," baba mkwe akasema. Sauti haikuwa ya mpagazi tena. "Hebu soma. Mwiko wa Mwenye Kizingiti ni nini?"

Wifi aliangalia daftari ingawa alikuwa anajua. "Haombi, baba."

"Ameomba?"

Wifi akanitazama, macho yamejaa maji. "Ameomba."

"Basi mfute."

Akamfuta. Nilimwona akipitisha mstari juu ya maandishi yangu mwenyewe, polepole, kwa rula, maana hata katika hali ile alikuwa mtu wa rula. Mpaka leo sijui kwa nini mzee alifanya vile. Labda alikuwa ananifungia mlango kwa adabu. Labda alikuwa anasema kwamba jambo kubwa hivi halisemwi kwa sauti ya kuazima. Nimebishana na wifi miaka yote na hatujakubaliana. Ninachojua ni kwamba hasira zilinipanda. Mwiko ule nilijiandikia mwenyewe, kwa kiburi changu, na ndio ulionifunga mdomo wakati pekee nilipouhitaji. Nilisimama. Mchele wote uliokuwa mapajani ukamwagika.

"Baba," nikasema. "Ni mimi, mkweo. Naomba niende chuo. Ni Jumatatu."

Wifi alinirukia kuniziba mdomo. Alikuwa amechelewa. Nilikuwa nimeshasema, kwa jina langu la mkwe, kwa sauti yangu ya Ihanda, na hapakuwa na mungu wa kumsingizia.

Tulisimama hivyo, mkono wake mdomoni kwangu. Nje dereva mmoja alikuwa anapiga honi, mwenzake anamtukana. Kisha baba mkwe akazungumza, na aliongea na binti yake, si na mimi.

"Mwambie mkwe wangu," akasema, "kwamba mimi leo sijasikia sauti yake."

Wifi akanirudia maneno yale neno kwa neno, kana kwamba ukuta ulikuwa umeyazuia. Nilikaa chini. Nilielewa alichokifanya: alikuwa ameniokoa na wanawake wa Ileje, na mbuzi, na misiba. Hakusikia, kwa hiyo sikuvunja kitu. Lakini kama hakusikia sauti, hakusikia ombi. Nilimchukia kwa wema wake. Nililia kwa hasira, na jioni sikupika, wifi ndiye aliyepika, na mzee alikula bila kuuliza.

Jumamosi yote sikusema na mtu. Nilifua, nikaanika, nikaanua. Nilikuwa napiga pasi sketi yangu ya bluu, ile ya kanisani, ndipo nilipogundua kwamba napiga pasi nguo za safari. Nikaweka pasi ya mkaa chini. Kama hakusikia ombi, basi hakulikataa. Ijumaa ile hakuna aliyesema hapana. Niliyarudia hayo kichwani upande na upande, nikitafuta palipovuja, na palikuwapo pengi, lakini nilikuwa nimeshaamua kutopatazama. Jumapili nilipika maharage ya siku tatu. Wifi aliniona nakunja godoro, hakuuliza kitu, akaenda kutafuta kamba.

Jumatatu asubuhi baba mkwe alikuwa barazani kama kawaida. Nilikuwa nimetumaini atachelewa kuamka. Nilisimama nyuma ya mlango na sanduku langu la bati, nimejifunika kitenge, nasikia kikohozi chake hatua tatu kutoka nilipo. Kwa desturi, akiwa pale mimi nasubiri. Hata kama ni kutwa nasubiri. Yeye hapishi, mwanamke ndiye anayekimbia. Basi lilikuwa linaondoka saa mbili, na nilijua nikirudi chumbani mara moja tu, sitatoka tena.

Wifi alitangulia na godoro kichwani. Nilisikia anasimama mbele ya baba yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Alikuwa analitazama godoro, hakuna jinsi ya kutoliona.

"Baba, kuna mtu anataka kupita."

"Nani?"

"Mtu tu, baba."

Nikasikia magongo. Nikasikia anajiinua, pumzi inamtoka kwa maumivu, wifi anasema, "Baba, ngoja nikusaidie," naye akasema, "Acha." Kisha mguu wa kiti ukakwaruza sakafu. Ukasimama. Ukakwaruza tena. Ilichukua muda mrefu sana, na mimi nyuma ya mlango nilikuwa naukunja ukingo wa kitenge, natamani kumkimbilia, na hilo ndilo lililokuwa haliwezekani kabisa. Mwishowe nikasikia akijishusha.

Nilifungua mlango. Alikuwa amegeuza kiti kikatazama ukuta, pua yake karibu na chokaa, mgongo kwenye njia. Miaka minne sikuwahi kumwona kwa karibu vile. Kisogo kilikuwa na mvi na kilikuwa kimenyolewa vibaya, upande mmoja juu, mwingine chini, kinyozi wake alikuwa wifi. Nilipita nyuma yake nikibana sanduku kifuani lisigonge. Sikusema asante, kwa sababu hakuna aliyekuwa anapita.

Wiki tatu baadaye nilipata barua ya wifi chuoni. Aliniandikia kwamba mama mkwe ameshuka kutoka Ileje kuja kupika, na kwamba siku ile aliporudi kutoka stendi kupitia sokoni, karibu saa tano, alimkuta baba bado anatazama ukuta. Mguu ulikuwa umemkatalia kugeuza kiti mara ya pili, na jua lilikuwa limemfikia mgongoni. Watu waliokuwa wanapita barabarani walikuwa wanamsalimia kisogo, naye anawaitikia hivyo hivyo, na hakuna aliyeambiwa kwa nini mzee amekaa vile.